Ngisi wa Woods Hole

Mpwa wangu anasomea neva. Katika ukoo wetu jambo hilo limezua maswali kuliko posa zote za miaka ya karibuni. Dada yangu amechoka kueleza kwamba udaktari anaoutafuta binti yake ni wa kutafiti, wa kutibu haumo, na kwamba hakwenda Chicago kuwa nesi. Bibi mmoja wa Chumbageni, kwetu Tanga, alimsikiliza mpaka mwisho, akahamishia tambuu shavu la pili, akauliza: "Haya, lakini sindano si atajua kuchoma?"

Swali hilo nikalibeba mimi. Nilikuwa na kazi Boston mwanzoni mwa Julai, naye alikuwa kusini ya hapo, kijijini Woods Hole, kwenye kozi ya kiangazi ya nyurobiolojia inayoendeshwa na Maabara ya Biolojia ya Bahari. Akaniandikia: "Mjomba, shikamoo. Njoo Jumamosi uone kazi. Jumapili tunafua."

Kutoka Boston ni mwendo wa saa mbili hivi kwa basi. Unavuka daraja la Bourne juu ya mfereji unaoitenga Cape Cod na bara, unapita misonobari na nyumba za mbao zilizopaushwa na chumvi, halafu barabara inaishia majini, kwenye gati la feri za kisiwa cha Martha's Vineyard. Abiria wenzangu karibu wote waliburuta masanduku yao kwenda kupanda feri. Nikabaki na kijana mmoja mwenye fulana iliyochapwa picha ya seli inayogawanyika, nikajua nimefika.

Kijiji chenyewe ni mtaa mmoja, Water Street, na daraja dogo linaloinuliwa kupitisha mashua zinazoingia kidimbwi cha Eel Pond. Likiinuliwa, kila mtu anasubiri: watalii na aiskrimu zao, maprofesa na baiskeli zao. Ukingoni mwa kidimbwi kuna mnara wa kengele wa mwaka 1929 wenye kengele mbili, moja imepewa jina la Mendel, ya pili la Pasteur. Maabara ilianzishwa mwaka 1888. Kozi yake ya fiziolojia imefundishwa tangu 1892, na hii ya nyurobiolojia, aliyokuja kuisoma mpwa wangu, tangu 1970. Tangu mwaka 2013 maabara imeungana na Chuo Kikuu cha Chicago, ingawa wenyeji wanazungumza kana kwamba Chicago ndiyo iliyojiunga nao. Maktabani wametundika kibao cha Louis Agassiz, aliyefungua shule ya kiangazi kwenye kisiwa jirani cha Penikese mwaka 1873, kinachowaagiza watu wasome maumbile, si vitabu. Nilikisoma nikiwa nimezungukwa na makabati ya vitabu.

Binti alinipokea kwa goti, pale pale barabarani, mwenzake wa Kijapani akabaki ameduwaa. Amekonda. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

Nilimwuliza wanafundishwa nini hapa ambacho Chicago hakuna. Akanieleza kwanza mambo ya Chicago. Ada analipiwa na kila mwezi anapata posho ya kujikimu, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya wanafunzi wa uzamivu wa sayansi za uhai nchini Marekani. Mwaka wa kwanza hachagui msimamizi. Anazungushwa maabara kadhaa, kila moja kwa wiki chache, ili wachunguzane. Mwanafunzi amwone mkubwa alivyo siku jaribio likiharibika, na mkubwa naye amwone mwanafunzi. Baadaye unakuja mtihani wa kufuzu, ndipo utafiti wenyewe, na yote kwa pamoja humaliza miaka mitano au sita. Nami nawajua wahadhiri wetu wanaosoma uzamivu huku wakiwa na vipindi vya kufundisha, marundo ya mitihani ya kusahihisha na karo za watoto, na msimamizi wanamwahi kwenye korido. Sikumwambia. Anawajua pia, mmoja ni baba yake.

"Chicago nina kila kitu, mjomba," akasema. "Ila mikono ya wakubwa siioni. Wanaandika maombi ya fedha. Hapa wanashika vifaa wenyewe."

Tulianzia kwenye matangi, ambako maji ya bahari yanapita mchana kutwa na usiku kucha. Ngisi walikuwa kwenye tangi la mviringo, hawafiki dhiraa, wanakwenda mbele na kurudi nyuma bila kugeuka, madoa mekundu yanawatokea mwilini na kupotea. Ngisi wa hapa hawadumu tangini, siku chache tu wamekufa, kwa hiyo msimu mzima mashua hutoka kuwatafuta wengine.

Mtafiti mmoja mzee, mgeni kutoka chuo kingine, alikubali nisimame nyuma yake mradi nisiguse meza. Alimshika ngisi, akakata kichwa kwa mkasi mara moja. Akapasua mfuko wa mwili kwa urefu, akatoa matumbo, akatoa mfuko wa wino kwa uangalifu usipasuke, akachomoa ule uti mwembamba unaong'aa. Mpaka hapo nilikuwa nyumbani. Ndivyo mama alivyowaosha ngisi uani kwetu Tanga. Kisha akafanya ambalo mama hakulifanya. Alitandaza nyama juu ya kioo chenye taa chini yake, akaifungulia maji baridi ya bahari, akanionyesha kwa ncha ya koleo fundo dogo ambalo neva zinasambaa kutoka kwake pande zote. Katika neva ndefu kuliko zote, ile inayoelekea mkiani, palikuwa na mstari mmoja mweupe, angavu, ambao niliuona kwa macho matupu.

Huo mstari ni mkia mmoja uliotokana na seli nyingi za neva zilizoungana. Wataalamu wanauita akzoni. Zangu na zako zinapimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Hii ya ngisi ina karibu nusu milimita, na nyingine zinafika milimita nzima. Sababu yake ni woga. Ngisi akistushwa, mwili wake wote lazima ubanwe kwa mpigo mmoja ili maji yafyatuke na kumrusha nyuma. Akzoni ikiwa nene, ishara inakimbia zaidi, kwa hiyo misuli ya mbali inapata agizo bila kuchelewa.

Mzee alifunga uzi huku, akafunga uzi kule, akakata, akaihamishia akzoni chini ya hadubini kuisafisha nyuzi ndogo zilizoizunguka. Mkono wake ulikuwa na mtetemo wa uzee mpaka koleo lilipogusa maji. Hapo ulitulia kabisa.

Mwingereza J. Z. Young ndiye aliyewazindua wanafiziolojia kuhusu neva hii, mwaka 1936. Alan Hodgkin alikuja Woods Hole mwaka 1938 akaona wenzake, akina Kenneth Cole, wanavyoitumia; mwaka uliofuata, huko Plymouth, Uingereza, yeye na Andrew Huxley wakafaulu kupitisha waya ndani ya akzoni na kupima umeme wake kutoka ndani. Majuma machache baadaye vita vikaanza, kazi ikasimama. Walipoirudia walionyesha kwamba ishara ya neva ni sodiamu inayoingia kwa kasi na potasiamu inayotoka nyuma yake, wakaandika milinganyo yake mwaka 1952, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles. Kompyuta ya chuo chao, Cambridge, ilikuwa matengenezoni, basi Huxley akapiga hesabu zote kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mpwa wangu alitakiwa kuandika programu ya milinganyo hiyo hiyo wiki yake ya kwanza, akaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Alisema hilo kwa aibu kidogo.

"Na nyama?" nikauliza.

"Inaliwa," akajibu mzee bila kuinua kichwa. Vizazi na vizazi vya watafiti hapa wamekula ngisi wa kukaanga kila kiangazi. Nikamweleza habari ya tui la nazi, ndimu na pilipili mbuzi. Aliacha kazi, akanigeukia kwa mara ya kwanza, akataka vipimo.

Hapa saa mbili usiku jua ndiyo kwanza linazama, na Magharibi niliisali ufukweni watu wakiwa bado wanaogelea. Maabara za wanafunzi, niliporudi, zilikuwa zimejaa kuliko mchana. Ratiba inasema mhadhara ni asubuhi na kazi ni mchana. Saa za kumaliza haizitaji.

Meza ya binti inaelea juu ya hewa iliyoshindiliwa, ili hatua za mtu koridoni zisiitikise, na imezungushiwa wavu wa shaba wa kuzuia umeme wa taa na simu. Chini ya hadubini kuna kipande cha ubongo wa panya, unene wake theluthi moja ya milimita, kimelowa maji ya chumvi yanayopulizwa oksijeni. Seli zake bado hai. Zitaendelea kuishi kwa saa kadhaa tangu kipande kilipokatwa, zikiwa na bahati.

Alichukua kibomba cha kioo, akakiweka kwenye mashine inayokichoma katikati na kukivuta, kikatoka viwili, kila kimoja na ncha yenye tundu la kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Akakijaza maji ya chumvi kwa sindano, akakifunga kwenye kishikio. Kutoka hapo unatoka mrija laini wa plastiki, na mwisho wa mrija akautia mdomoni.

"Usiniongeleshe sasa, mjomba."

Nikatazama kwenye skrini. Ncha ya kioo ilishuka polepole sana, yeye akipuliza kidogo ili uchafu usizibe tundu. Ilipoikaribia seli, ngozi ya seli ikabonyea. Akaacha kupuliza, akanyonya, kidogo tu, ule mnyonyo wa kuonja chai ya moto. Namba kando ya skrini zilianza kupanda, megaomu hamsini, mia, mia tatu, halafu zikaruka: gigaomu moja. Maana yake kioo na utando wa seli vimeshikana kiasi kwamba umeme hauna pa kuvujia. Akanyonya tena, kwa ghafla, utando uliozibwa na ncha ukatoboka, na kutoka kipaza sauti kilicho ukutani tukaisikia seli inazungumza, tak, tak-tak, tak.

Basi bibi wa Chumbageni nitamwambia hivi: sindano ipo, ila huyu mtoto kazi yake anaimalizia kwa kunyonya.

Njia hii ni ya Wajerumani wawili, Erwin Neher na Bert Sakmann, waliopima mwaka 1976 umeme unaopita kwenye tundu moja moja la utando wa seli, na kupewa Nobel mwaka 1991. Kitabuni inachukua ukurasa mmoja. Binti ameisoma tangu Dar es Salaam, aliijua kwa kichwa. Alipofika hapa, seli zote za siku zake za mwanzo zilimfia. Mwalimu wake, mwenye maabara yake kubwa kwingineko na watu wa kumfanyia kila kitu, aliketi kwenye kigoda kando yake mpaka saa nane usiku, akisema neno moja tu: tena. Mara moja alimwondoa mrija mdomoni, akauosha, akaonyesha mwenyewe mnyonyo unavyotakiwa kuwa. Hilo halimo kitabuni, na sioni lingeandikwaje. Mafundi seremala wa kwetu wanamfundisha mwanagenzi hivyo hivyo, na hakuna anayeuita ufundi wao elimu ya juu.

Tulikula mkate na jibini saa sita usiku kwenye ngazi za nje. Wenzake wakanionyesha picha za maandamano ya tarehe 4 Julai, ambayo kila kozi hushiriki kwa mavazi ya vituko. Mpwa wangu alikuwa amevaa matawi ya maboksi kichwani, yeye ni neva. Mama yake hajaziona. Kisha wakaanza kusimuliana hadithi za hapa, na iliyonikaa ni ya mwanafunzi mwenzao wa zamani, Ron Vale.

Mwaka 1983 Vale alikuwa mwanafunzi Stanford, California. Swali lake lilikuwa la uchukuzi. Protini nyingi hutengenezwa kwenye mwili wa seli ya neva, lakini neva inayotoka uti wa mgongo mpaka kidole cha mguu ina urefu wa karibu mita moja. Mzigo unafikaje? Alitaka ngisi wa kuchunguzia, ila mwaka ule El Niño ilipasha maji ya California na ngisi hawakutokea. (Sisi tunaijua El Niño kwa barabara zilizosombwa mwaka 1997.) Yeye na Michael Sheetz wakafunga mizigo wakaja upande huu wa bara, ambako ngisi walikuwepo na hadubini zenye kamera za video zilikuwa zimeanza kuonyesha vijifuko vikitembea ndani ya akzoni. Walikamua akzoni, wakatenganisha kilichomo, na mwaka 1985, pamoja na Thomas Reese, wakatangaza protini inayobeba: kinesini. Ni hamali wa bandarini mwenye miguu miwili, anayepiga hatua za nanomita 8 juu ya reli nyembamba, na kila hatua inamgharimu chembe moja ya nishati. Mizigo ya haraka husafiri kama milimita 400 kwa siku. Mtu akirithi kasoro katika jeni ya kinesini iitwayo KIF5A, miguu ndiyo inayokakamaa na kudhoofika, kwa kuwa huko ndiko safari ni ndefu zaidi.

Asingekosa ngisi California, sijui angepita njia gani. Waliokuwa ngazini walikubaliana kwamba angegundua kitu kingine, wakabishana ni kitu gani mpaka nikasinzia.

Jumapili asubuhi nilitembea peke yangu. Kuna jina nililokuja nalo, Ernest Everett Just, na sikutaka kulisikia kwa juu juu baina ya hadithi za Nobel. Just alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Charleston, South Carolina, mwaka 1883. Alifundisha Chuo Kikuu cha Howard, na kuanzia 1909 alikuja hapa karibu kila kiangazi kwa miaka takriban ishirini. Uzamivu aliupata Chicago mwaka 1916, chini ya Frank Lillie, ambaye jina lake liko leo kwenye jengo kubwa la matofali. Just alisifika kwa mkono. Mayai ya wanyama wa baharini aliyoyashika yeye yalikua inavyotakiwa. Ya wengine yaliharibika, nao wakamwendea awaelekeze. Walipotoka kwake walirudi kwenye vyuo vyao vikubwa vya utafiti, ambavyo havikumpa yeye nafasi hata moja.

Tangu 1929 akaanza kwenda Ulaya, Naples na Berlin, baadaye Ufaransa. Kitabu chake kuhusu biolojia ya uso wa seli kilitoka mwaka 1939. Hoja yake ilikuwa kwamba utando wa nje haushiki vya ndani tu. Ndio unaoamua seli itafanya nini. Mwaka 1940 Wajerumani walimtia kizuizini, akaachiwa, akarudi Marekani, akafa 1941. Nilikuwa nimemtazama mpwa wangu usiku uliopita akihangaika na uso huo huo wa seli mpaka ukashikamana na kioo. Nilipomtajia Just alisema wanamfundisha siku hizi, na kwamba mwalimu mmoja alitumia mhadhara mzima juu yake. Nilifurahi, na bado nilikasirika. Kijiji hiki kilimsifu mikono na kumnyima kazi, na miaka yote ile feri zilikwenda na kurudi kwa wakati.

Nilimkuta binti kwenye chumba cha mashine za kufulia, amezungukwa na makoti ya maabara yenye madoa ya wino wa ngisi. Hapo ndipo tulipozungumza ya nyumbani. Nilikuwa nimeliandaa swali langu kwa staha: atarudi? Yeye akajibu swali jingine.

"Mjomba, ngisi tunao. Nenda soko la Feri, Dar es Salaam, asubuhi yoyote. Na ngisi wa Bahari ya Hindi ana akzoni nene pia."

Yule mzee wa matangini alikuwa amemsimulia habari za Chile. Kwenye pwani yao kulikuwa na ngisi wakubwa wenye akzoni inayozidi milimita moja, na watafiti wa Chile wakafungua maabara ndogo Montemar, karibu na Valparaíso, wakafanya kazi ambayo Wamarekani walisafiri kwenda kuitazama. Ngisi walipotoweka pwani ile, Wachile walikuwa wameshakuwa mafundi. Francisco Bezanilla, aliyeanzia kwao, ndiye aliyechapisha na Clay Armstrong mwaka 1973 kipimo cha kwanza cha umeme mdogo unaotokea mlango wa sodiamu unapofunguka.

Nikamwambia nasi tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari Unguja, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko baharini kabisa. Anaifahamu, alifanya mazoezi ya vitendo huko. Akaanza kuhesabu kwa vidole: meza isiyotikisika inaweza kutengenezwa na fundi chuma, wavu wa shaba unapatikana, kikuza umeme peke yake ni maelfu ya dola, labda chuo kimoja huku kitauza cha zamani, umeme usiokatika katikati ya kipimo. Alipofika kidole cha mwisho akasita. "Na mtu wa kukaa kigodani mpaka saa nane. Wa kwanza itabidi niwe mimi."

"Na utalipwa na nani saa hizo?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, mjomba. Si unaandika magazetini?"

Kabla sijajibu simu yake ikalia. Mwenzake wa Kijapani, Jumapili au si Jumapili, alikuwa amekata ubongo asubuhi, amemaliza vipimo vyake, na vipande vinne vimebaki, vizuri, vitakufa jioni. Akanitazama mimi, akatazama mashine.

"Mjomba, nisamehe sana. Zimebakiza dakika ishirini, halafu ni kukausha. Haya meupe usiyachanganye na ya rangi."

"Nenda, mwanangu."

Alikuwa ameshafika mlangoni. Nikakausha, nikakunja makoti ya watu watatu, maana na wenzake walikuwa wametia yao, na basi la saa tisa likaondoka bila mimi.